Hesabu Juu ya Unga

Saa kumi usiku, Kutaisi yote imelala
isipokuwa tanuri letu na midomo yetu.
Mechi ilikwisha kabla ya saa sita:
bila kwa bila, ugenini, kwenye mvua,
na Nugzar bado anaicheza.

Anachora kundi letu mezani, kwa kidole, juu ya unga.
Timu nne. Mechi mbili zimebaki.
"Tukishinda nyumbani,
na Waslovenia wakafungwa, hata goli la kuotea,
na Waalbania wakatoka sare, sare tu, siwaombei mabaya,
tumefuzu."
Mzia anakanda, hainui kichwa.
"'Kama' haijawahi kufunga goli, Nugzar."

Hapo ndipo anapogeukia ligi.
Kila wiki ya mechi za taifa huigeukia ligi,
kama mtu mwenye jino bovu, ulimi hautulii.
"Ligi yetu ni mpira wa mchangani wenye refa!
Beki anabisha hodi kabla ya kukaba.
Mchukue mfungaji wetu bora, mpeleke Ujerumani,
daraja la pili, sisemi la kwanza,
atarudi na skafu na picha."

Otar ameinama tanurini mpaka mabega,
anabandika donge ukutani kwenye moto.
Sauti yake inatoka kama ya mtu kisimani:
"Na kipa?"
"Kipa gani?"
"Aliyeruka jana kama paka aliyemwagiwa maji ya moto.
Anachezea wapi? Hapa hapa.
Anadaiwa kodi mtaa wa pili, mshahara haujaingia tangu Machi,
na jana kaokoa tatu."
"Kipa mmoja si ligi."
"Na winga mmoja wa Uturuki si taifa."

Mimi kazi yangu ni kuchomoa mikate kwa ndoano.
Sina kura humu, nina masikio.
Nasikia kiwango, kiwango, kiwango,
na sijaona bado mizani yake.
Otar anapima kwa makipa.
Nugzar kwa nyasi: za Uholanzi, anasema, ungeweza kulaza mtoto mchanga.
Mzia anapima kwa viatu vya mwanawe Lasha, daraja la tatu,
soli ya kushoto imegundishwa mara nne,
na Jumapili alifunga kwa mguu huo huo,
goli ambalo halikuonyeshwa popote duniani
ila machoni mwa mama yake,
ambako linarudiwa mpaka leo.

Saa kumi na moja Badri analeta gari la kubebea mikate.
Anapiga miguu kuondoa matope, anamwona Nugzar, anacheka.
"Wewe! Jumamosi nilikuona uwanjani.
Jukwaa la juu, peke yako, na mbegu zako za alizeti.
Mvua inanyesha, watu arobaini na mbwa mmoja,
unapiga kelele mpaka mbwa akahamia goli la pili."

Kimya.
Moto tu, unatafuna kuni.

"Nilikwenda kuhakikisha," anasema Nugzar.
"Kuhakikisha nini?"
"Kwamba bado ni wabovu."
Mzia anacheka mpaka anakaa juu ya gunia,
anafuta machozi kwa kiwiko, unga shavuni.
"Na wakoje?"
Nugzar anaangalia vidole vyake vyeupe.
"Namba sita," anasema taratibu, "yule mtoto wa Chiatura.
Namba sita anaona mbele."

Hakuna aliyemcheka tena.
Otar kampa nafasi mezani,
Mzia kainuka, katupa donge jipya pale pale
penye kundi letu, akalisukuma kwa viganja:
Waslovenia wakaingia, Waalbania wakaingia,
na sisi, na mabano yote ya Nugzar.

Nimeutoa mkate huo mwenyewe, nikauweka juu ya mingine.
Leo kuna mtu katika mji huu
atakula pointi kumi na tofauti ya magoli,
na jibini, na nyanya,
atafuta mdomo, aende zake kazini.